Dar hadi Mbeya ukiwa macho: mwongozo kamili wa dereva wa gari binafsi

Kila mwisho wa mwaka foleni ya Kimara hadi Kibaha hujaa magari madogo yenye mabegi hadi kwenye kioo cha nyuma. Wengi wanaoyaendesha hushika usukani mwaka mzima kati ya nyumbani na kazini, kisha siku moja wanajitwisha takribani kilomita 830 za kwenda Mbeya, mara nyingi peke yao na baada ya siku nzima ya kazi. Gari limefanyiwa sevisi, oili ni mpya, tairi zimekaguliwa. Dereva hajakaguliwa na mtu.

Mwongozo huu unamhusu huyo dereva. Kuambiana "uwe makini barabarani" hakumsaidii mtu, kwa sababu umakini hauji kwa kuamriwa. Macho yana mipaka, ubongo una mipaka, na mipaka yenyewe inapimika kwa mita na sekunde. Kinachosaidia ni kupanga safari ili mipaka hiyo isikukute mahali pabaya saa mbaya. Nimechukua njia ya Mbeya kwa kuwa ina kila kitu: foleni, lami iliyonyooka mpaka inachosha, hifadhi ya wanyama, mlima, ukungu na malori ya kwenda Zambia na Congo. Anayekwenda Arusha au Songea atajua pa kubadilisha.

1. Zijue mita zako

Mtoto akikatiza barabara, gari halianzi kusimama pale unapomwona. Kwanza ubongo utambue kwamba yule ni mtoto na anakuja, uamue, kisha mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki. Kwa dereva wa kawaida ambaye hakuwa akitegemea jambo, hayo huchukua kama sekunde moja na nusu. Muda wote huo gari linakwenda kwa mwendo uleule. Ndipo breki zinaanza kazi.

Kwenye lami kavu na tairi nzuri, hesabu inakuwa takribani hivi:

Spidi 50: mita 21 kabla breki hazijashika, kisha mita 14 za breki. Jumla 35.
Spidi 80: mita 33, kisha 36. Jumla 69.
Spidi 100: mita 42, kisha 56. Jumla 98.
Spidi 120: mita 50, kisha 81. Jumla 131.

Wengi wakiziona namba hizi husema kati ya 80 na 100 kuna mita 29 tu. Hebu yaweke magari mawili sambamba, moja likiwa 80 na jingine 100, ng'ombe atokee mbele na madereva wote wawili wamwone kwa wakati mmoja. Pale ambapo gari la 80 limesimama kabisa, lile la 100 linapita likiwa bado na zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Ng'ombe huyohuyo, breki zilezile. Na mvua ikinyesha, ile sehemu ya breki izidishe mara mbili.

Usiku hesabu inabana zaidi. Ukiwa umeshusha taa kwa sababu kuna gari linakuja, mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi utamwona akiwa mita 50 mbele yako, pengine pungufu. Kwa spidi 80 unahitaji mita 69. Maana yake mtu huyo ukimwona umeshachelewa, hata kama hujasinzia, hujanywa na hujagusa simu. Mwendo unaolingana na mwanga wa taa za chini ni kama 60, ambao unahitaji mita 45 hivi. Najua ukienda 60 usiku utapigiwa honi mpaka Chalinze. Wapishe.

2. Panga saa ya kuondoka kabla ya kupanga kitu kingine chochote

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na zinaharibika dereva akiwa bado sebuleni.

Mchukue mtu anayefanya kazi mjini. Ijumaa ameamka saa 11 alfajiri ili awahi foleni. Ametoka kazini, amefunga mabegi, anaondoka Dar saa 2 usiku kwa hoja kwamba usiku barabara ni nyeupe na hakuna tochi za trafiki. Saa 4 usiku, akiwa anakaribia Chalinze, ametimiza saa 17 bila kulala. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda huo hufanya vibaya kwenye kazi ya macho na mikono sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya humkamatia dereva. Ndugu yetu hajaonja hata bia moja.

Endelea kumfuata. Morogoro anafika karibu na saa 6 usiku. Mikumi saa 7 na nusu, giza totoro, wanyama wakiwa wanatembea. Kitonga anaikuta kwenye saa 10 alfajiri. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani, na kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri ndipo inapovuta usingizi kwa nguvu kuliko wakati wote. Kwa hiyo amejipangia mwenyewe kupanda mlima mkali kuliko yote njiani katika saa ambayo ubongo wake umefunga duka. Kuna shimo la pili la usingizi, dogo zaidi, kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, nalo huja hata kama hujala.

Ratiba ninayoipendekeza kwa dereva mmoja ni ya siku mbili. Lala mapema usiku wa kuamkia safari, na usiku wa kabla yake pia, kwa sababu deni la usingizi halilipiki kwa usiku mmoja. Ondoka saa 11 alfajiri. Saa 2 na nusu asubuhi uko Morogoro unakunywa chai. Mikumi unaipita saa nne na kitu, mchana mweupe. Kitonga saa 7 mchana, na Iringa karibu na saa 8, yaani unaegesha wakati lile shimo la alasiri linaanza. Unalala Iringa. Kesho yake zimebaki takribani kilomita 330.

Ratiba hii ina faida nyingine ambayo watu hawaihesabu. Barabara inaelekea magharibi na kusini magharibi, hivyo asubuhi jua liko mgongoni. Anayefika Makambako saa 11 jioni anaendesha huku jua limemkaa usoni, kioo chenye vumbi kinageuka ukuta mweupe, na bodaboda aliye kivulini hamwoni.

Mkiwa madereva wawili wa kweli (si mmoja na shemeji aliyepata leseni mwezi uliopita) mnaweza kufika kwa siku moja. Mabasi ya masafa marefu yanatakiwa kuwa na madereva wawili kwa sababu hiyohiyo. Ulaya sheria inamtaka dereva wa lori au basi apumzike dakika 45 kila anapotimiza muda wa saa nne na nusu kwenye usukani. Yeye ndiyo kazi yake ya kila siku, na barabara yake haina mbuzi. Wewe simama kila baada ya muda wa saa mbili.

3. Andaa gari kwa ajili ya macho

Mafundi wanaangalia injini. Mambo haya utayaangalia mwenyewe jioni kabla ya safari.

Futa kioo cha mbele kwa ndani. Nje kila muosha gari anafuta. Ndani kuna utando wa mafuta na vumbi ambao mchana huuoni, ila taa ya lori ikikupiga usiku unawaka wote. Badilisha waipa zinazoacha michirizi. Egesha gari mita kadhaa kutoka ukutani uwashe taa za chini: kama moja inapiga juu kuliko mwenzake, fundi umeme wa magari atairekebisha kwa dakika chache. Ukipakia mizigo mizito nyuma, taa zote zinainuka na kuwapofusha wanaokuja, kwa hiyo rekebisha baada ya kupakia.

Kaa kwenye kiti ulivyozoea kukaa, kisha tazama zile nguzo mbili zinazoshika kioo cha mbele. Kila moja inaweza kuficha pikipiki nzima na aliyeipanda. Ubaya wake ni kwamba bodaboda anayetoka barabara ya pembeni kwa mwendo unaolingana na wako anaweza kubaki nyuma ya nguzo hiyohiyo sekunde zote mpaka mnakutana. Dawa ni kuchezesha kichwa: ukikaribia njia panda, sogea mbele kidogo na pembeni kidogo kama mtu anayechungulia. Inaonekana kichekesho. Fanya hivyohivyo.

Simu iwekwe ramani kabla ya kuondoka, izimwe mlio, ikae kwenye droo ya dashibodi. Kusoma ujumbe mmoja kwa sekunde tano ukiwa spidi 80 ni kutembea mita 111 bila dereva. Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia simu akiendesha ana uwezekano wa kupata ajali mara nne hivi ya asiyetumia, na kuongea bila kushika simu hakupunguzi hatari kwa kiasi ambacho watu wanadhani. Kinachoshughulika ni akili, si mkono. Yale magari yetu ya mtumba yanayosalimia kwa Kijapani kila ukiwasha, hayo yaache yaongee, hayajibiwi.

4. Tazama kwa utaratibu, si kwa kukodoa

Nyosha mkono mbele yako, inua dole gumba. Eneo unaloliona kwa ukali kamili, kiasi cha kusoma maandishi, ni kubwa takribani kama ukucha huo. Sehemu nyingine yote ya picha unayodhani unaiona ni ukungu wenye rangi ambao ubongo umeujaza kwa kumbukumbu na kubahatisha. Na kila jicho linaporuka kutoka hapa kwenda pale, ubongo unazima picha kwa kitambo kidogo ili usipate kizunguzungu. Hivyo ndivyo dereva mkweli kabisa anaweza kuapa kwamba aliangalia kulia na hapakuwa na kitu.

Kuangalia kwenyewe nako si kuona. Daniel Simons na Christopher Chabris mwaka 1999 waliwaonyesha watu video ya vijana wanaorushiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Katikati akapita mtu aliyevaa vazi la sokwe, akasimama, akajipiga kifua. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Walikuwa wanahesabu. Dereva anayetafuta kibao cha sheli, au anayetafuta trafiki aliyejificha kwenye kivuli cha mwembe, naye anahesabu.

Halafu kuna uchovu wa kutazama kitu kimoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Norman Mackworth alichapisha mwaka 1948 majaribio aliyowafanyia watu kwa sababu jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na shida: waangalizi wa rada walikuwa wanakosa alama za nyambizi. Aliwakalisha mbele ya saa yenye mshale unaoruka hatua moja moja, na mara chache sana hatua mbili. Kazi ilikuwa kugundua ile miruko ya mbili. Ndani ya nusu saa ya kwanza walishaanza kuikosa zaidi, na hawakuwa wavivu. Sasa fikiria kipande cha Mafinga hadi Makambako, misitu ya miti ya kupandwa kulia na kushoto, lami imenyooka. Ni ile saa ya Mackworth yenye usukani.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kutaja kwa sauti. Reli za Japani zimefanya hivyo miaka mingi: mtumishi ananyoosha kidole kwenye taa na kuitaja hali yake kwa sauti, kwa sababu mdomo ukishiriki macho hayadanganyi sana. Kwenye gari huhitaji kidole. Ukiingia Mlandizi unasema: "Bodaboda kushoto, hajaangalia. Daladala imesimama, mlango uko wazi, mtu atatoka mbele yake. Rasta. Watoto wa shule kulia, wawili upande huu, mmoja upande ule." Huyo mmoja wa upande ule ndiye wa kuangalia, maana wenzake wakimwita atavuka bila kugeuza shingo. Huwezi kutaja barabara nzima kwa safari nzima, utachoka. Taja kwenye kila mji, kila kijiji, na kwa dakika tano kila unapohisi mawazo yameanza kuhama. Watoto walio kiti cha nyuma wanaupenda mchezo huu na wataona vitu ambavyo wewe umevikosa.

Kati ya vijiji, macho yazunguke: mbali barabara inapoishia, karibu, kioo cha kulia, mbali tena, kioo cha ndani, spidi, mbali. Usikae mahali pamoja zaidi ya sekunde mbili. Usiku taa za anayekuja zikikuumiza, peleka macho kwenye ukingo wa kushoto wa lami, ufuate mstari mweupe mpaka apite.

Jambo moja la kwetu: majani. Matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani yanasema kuna lori limeharibika mbele, kwa kawaida bila taa. Punguza pale pale, si pale utakapoliona lori. Na lori likishaondoka, mara nyingi mawe yaliyozuia tairi hubaki kwenye lami.

5. Acha nafasi

Chagua kitu kisichosogea, kibao au kivuli cha mti. Gari la mbele likikipita, anza: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Ukifika kabla hujamaliza, umekaribia mno. Mvua au usiku, hesabu mpaka tano. Kuna watakaochomeka kwenye nafasi hiyo. Achia mafuta, ijenge tena. Safari nzima itakugharimu dakika chache.

6. Kupita gari la mbele

Kwenye njia hii, hapa ndipo pa kutumia akili yako yote, kwa sababu ndipo jicho lilipo dhaifu kuliko unavyohisi. Gari linalokuja kutoka mbali sana halionekani kukua. Linabaki nukta, linabaki nukta, kisha ghafla linajaa kioo. Ubongo unapima mwendo wa kitu kinachokuja kwa jinsi kinavyokua machoni, na kikiwa mbali hakuna cha kupima. Huwezi kujua kama basi lile linakuja na 60 au 100. Hakuna dereva anayejua, hata mwenye miaka 30 kwenye usukani.

Kwa kuwa jicho haliwezi, tumia hesabu. Chukua semitrela yenye urefu wa mita 18 hadi 20. Inakwenda 60, wewe unaipita ukiwa na 90. Ukianza ukiwa mita 20 nyuma yake na kurudi upande wako ukiwa umeiacha mita 20, unahitaji karibu sekunde nane. Katika sekunde hizo wewe unatembea mita 195, na basi linalokuja na 80 linatembea zaidi ya 170. Jumla ni mita 370 hivi, na hapo mnapishana bila akiba yoyote. Ongeza akiba, inakuwa nusu kilomita ya barabara unayoiona yote, tupu. Ukianza ukiwa umeganda nyuma ya lori kwa spidi 60 na kigari cha injini ndogo kilichojaa watu wanne na gunia la mchele, ongeza tena.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Rudi nyuma kwanza, mpaka uone mbele ya lori bila kutoa pua. Hakikisha hakuna kona, kilele wala njia panda katika nusu kilomita hiyo. Angalia kioo cha kulia, kwa sababu nyuma yako kuna mwingine aliyechoka kusubiri na huenda ameshatoka. Indiketa. Kanyaga ukiwa bado upande wako, toka ukiwa tayari na mwendo. Ukiwa ubavuni mwa lori na jambo likabadilika, breki na kurudi nyuma ni jibu zuri kuliko kukazana, mradi nafasi yako nyuma haijazibwa. Ndiyo maana malori matatu yaliyofuatana hayapitwi kwa mkupuo mmoja.

Indiketa ya lori ni salamu tu. Dereva wa lori akiwasha ya kushoto huenda anakuambia pita, huenda anataka kuegesha anunue vitunguu. Ya kulia huenda anakukataza, huenda anakata kona. Hata kama anakusaidia kwa moyo safi, anapima kwa kasi anayodhani gari lako linayo.

Waangalie pia madereva wa magari ya IT, yale yanayotolewa bandarini Dar kupelekwa nje kupitia Tunduma. Wengi hulipwa kwa safari, si kwa siku. Ukimwona mmoja anayumba kidogo kugusa mstari na kurudi, usimpite kwa haraka na usimfuate kwa karibu. Mpe nafasi kubwa au simama umnunulie mtoto soda, aende zake.

7. Mikumi, Kitonga na ukungu

Barabara inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Fuata mwendo wa kwenye vibao. Kugonga mnyama kuna faini, lakini tembo hagongwi kama paka. Rangi yake jioni ni ya lami, na macho yake yako juu kuliko taa zako za chini, hivyo usitegemee kuyaona yakimeta. Swala mmoja akivuka, tarajia wa pili. Usisimame kupiga picha. Gari lililosimama kwenye kona ya hifadhini ni la hatari kuliko simba.

Baada ya Ruaha Mbuyuni unaanza Kitonga. Kupanda, shida yako si gari, ni subira: malori yanakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na kila kona inakushawishi. Usimpite mtu kwenye kona ya Kitonga. Kaa nyuma, acha nafasi ya kutosha lori likirudi nyuma, fungua kioo kidogo na zima muziki. Usikivu wa honi na injini zinazoteremka unakusaidia pale macho yanapokatwa na mwamba.

Maeneo ya Mafinga na kuendelea kuna asubuhi za ukungu. Taa za chini, si fulu. Fulu inapiga ukungu na kukurudia usoni. Ukungu pia hudanganya mwendo: vitu vya pembeni vikififia, unahisi unakwenda polepole kuliko ulivyo. Amini mshale wa spidi.

8. Usingizi unapokuja

Dalili za kweli si kupiga miayo. Ni hizi: hukumbuki kijiji ulichopita. Umegusa rasta za pembeni. Umekosa kibao. Shingo imedondoka na kurudi. Hiyo ya mwisho si dalili tena, umeshalala. Usingizi wa namna hiyo wa sekunde nne kwa spidi 80 ni mita 89 macho yakiwa yamefumba, na mara nyingi mwenyewe hajui.

Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio havisaidii zaidi ya dakika chache. Louise Reyner na James Horne wa Chuo Kikuu cha Loughborough walivipima. Mirungi inaficha usingizi bila kuuondoa, na Tanzania ni kosa la jinai. Kilichofanya kazi kwenye majaribio yao ni hiki: simama mahali salama, kunywa kikombe cha kahawa nzito, kisha laza kiti ulale kama dakika 15. Kahawa huchukua karibu nusu saa kuingia, kwa hiyo inakukuta unaamka. Weka kengele ya simu. Ukilala saa nzima utaamka na kizunguzungu, subiri kiishe kabla ya kuwasha gari.

Pa kusimama: Msamvu, Mikumi mjini, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Ipogolo pale chini ya Iringa, Mafinga, Makambako. Sheli yenye taa na mlinzi ni bora kuliko kivuli cha mti porini. Ale kidogo dereva. Sahani ya ugali na nyama choma ya saa 7 mchana ikikutana na saa 8 alasiri haina mshindani.

Dozi hiyo ya kahawa na usingizi hununua saa moja au mbili, si usiku mzima. Ukiihitaji mara ya pili siku hiyohiyo, tafuta gesti.

9. Kazi ya aliyekaa pembeni

Abiria wa mbele halali. Akitaka kulala ahamie nyuma, mwingine aje. Yeye ndiye anayeshika simu, anayesoma vibao, anayehesabu muda tangu mliposimama.

Na ndiye anayepaswa kusema. Hapa adabu zetu hutuponza, kwa sababu kumwambia mume, kaka au baba mkwe kwamba anasinzia ni kama kumvua heshima mbele ya watoto. Usianzishe ubishi, kila anayesinzia hukataa. Mpe sababu isiyomgusa: "Baba Neema, tuchimbe dawa kidogo, tumbo linanisumbua." Akishashuka, akanawa uso na kuegemea gari, maneno ya "pumzika dakika ishirini, nitakuamsha" yanaingia bila kelele. Ni vizuri zaidi mkikubaliana nyumbani, kabla ya safari, kwamba abiria akisema tusimame basi tunasimama, hakuna anayeulizwa kwa nini.

10. Kilomita za mwisho

Ukishakaa muda mrefu kwenye spidi 100, macho yanazoea, na 70 inaonekana kama umesimama. Ndiyo hali utakayokuwa nayo ukiingia Chimala, Igurusi na vijiji vingine kabla ya Uyole, ambako mwendo wa kisheria kwenye makazi ni 50. Usiukadirie kwa hisia. Tazama mshale kila unapoona nyumba za kwanza. Anayekuja akikupigia taa, watu huwaza tochi tu. Huenda ni ng'ombe, huenda ni ajali. Punguza vyovyote iwavyo.

Usiwapigie simu wenyeji kuwaambia utafika saa ngapi. Waambie "jioni". Anayesubiriwa na sufuria jikoni huanza kulipa dakika alizopoteza Kitonga, na anazilipia Uyole, penye bajaji, mikokoteni na watoto.

Ukirudi, mambo yanageuka. Asubuhi jua litakuwa usoni, kwa hiyo ondoka Mbeya kama saa 3, gari lilale Iringa, na dereva naye alale. Kesho yake Kitonga utaiteremka: pangua gia ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza, uteremke kwa gia ambayo ungepandia, na kwenye otomatiki uweke 2 au L. Usiteremke fri. Breki ziguswe kwa vipindi, zisikanyagwe mfululizo, na ukisikia harufu ya kuungua tafuta mahali papana usimame zipoe, hata kama nyuma yako wanapiga honi.